Daktari Ridley na Kioo cha Ndani ya Jicho

Mama aliyeacha darasa

Ndugu msomaji, kabla sijakueleza habari za Daktari Ridley, nataka kwanza nikueleze kosa nililofanya mimi mwenyewe.

Katika darasa moja la kisomo hapa Mafia, upande wa Kirongwe, alikuwako mama mmoja mtu mzima. Jina lake sitalitaja. Mama huyu ni msuka mikeka hodari. Alipoanza kisomo alikuwa wa mbele. Aliandika jina lake kabla ya wenzake wote. Lakini baada ya muda akaanza kukosea. Palipoandikwa pata yeye alisoma bata. Alikisogeza kitabu mpaka kikagusa pua. Mwishowe akaacha kabisa kuja darasani.

Mimi nilimwandika mtoro katika daftari la mahudhurio. Nilidhani amechoka, kama wanavyochoka wengi wakati wa kuangua nazi. Ilipita miezi miwili ndipo nikaenda kumtazama nyumbani kwake. Nilimkuta amekaa mlangoni, ukili mkononi, anasuka kwa kupapasa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza mimi ni nani. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili tu mbele yake.

Nilipomtazama machoni nikaona. Katikati ya jicho, pale panapopaswa kuwa peusi, palikuwa na weupe kama wa maziwa. Mama hakuwa mtoro. Alikuwa na mtoto wa jicho.

Leo mama huyu anasoma. Ndani ya jicho lake mna kioo kidogo. Hakioni, wala hakisikii. Mtu wa kwanza kuweka kioo cha namna hiyo ndani ya jicho la binadamu alikuwa daktari wa Uingereza aliyeitwa Harold Ridley. Maisha yake ndiyo ninayotaka kukusimulia. Uyasome mwenyewe, na kama nyumbani kwenu yuko mzee asiyeona tena maandishi, msomee.

Mtoto wa jicho ni nini?

Tazama jicho la mwenzako. Mbele kabisa liko tabaka linalong'aa, nalo ni jepesi na safi kama kioo cha taa. Nyuma yake ni duara jeusi. Duara hilo ni mboni, nayo ni tundu la kupitishia mwanga. Nyuma ya mboni kuna kitu kingine usichoweza kukiona, kwa kuwa ni safi kama maji. Kitu hicho kinaitwa lenzi. Kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuupeleka nyuma ya jicho, ili picha ya kitu ionekane wazi.

Sasa fikiri ute wa yai. Yai bichi ukilivunja, ute wake ni mweupe wa maji, unaona mpaka chini ya bakuli. Ukiutia katika kikaango cha moto unageuka, unakuwa mweupe mzito, huoni tena chini. Lenzi ya jicho nayo hugeuka hivyo, ila yenyewe hugeuka polepole kwa miaka. Huo ndio mtoto wa jicho. Wengi huupata kwa uzee. Wengine huupata kwa kuumia jicho, au kwa ugonjwa wa kisukari. Wako pia watoto wanaozaliwa nao.

Majani ya kukamua na maji ya dawa ya kienyeji hayawezi kuurudisha ute wa yai lililokaangwa. Hayawezi pia kuisafisha lenzi iliyogeuka. Yanaweza kuliunguza lile tabaka la mbele, na hapo mgonjwa akawa na maradhi mawili badala ya moja. Dawa ya mtoto wa jicho ni kupasuliwa.

Watu walijua hivyo tangu zamani sana. Katika nchi nyingi waganga walichoma jicho kwa sindano, wakaisukuma ile lenzi mbovu ianguke chini ndani ya jicho. Wengine waliona kidogo, wengi walipofuka. Mwaka 1747 daktari wa Ufaransa, Jacques Daviel, alikata jicho akaitoa lenzi nje. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini sasa jicho lilibaki bila lenzi. Mgonjwa alihitaji miwani minene kama kitako cha chupa. Vitu vilionekana vikubwa kuliko vilivyo. Aliponyosha mkono kushika kikombe, alishika hewa. Na kama miwani hiyo ilianguka baharini, mtu huyo alirudi kuwa kipofu siku hiyohiyo.

Hali ilikuwa hivyo kwa miaka 200. Ndipo alipokuja Ridley.

Mtoto wa daktari

Harold Ridley alizaliwa tarehe 10 Julai 1906, huko Leicestershire, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari wa macho. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika Hospitali ya St Thomas mjini London. Akaufuata ufundi wa baba yake, akawa daktari wa macho. Alifanya kazi St Thomas, na pia katika hospitali ya macho ya Moorfields, iliyo mjini humo humo.

Habari za ujana wake si nyingi za kukushangaza, ndugu msomaji. Alisoma, akafaulu, akafanya kazi. Jambo kubwa lilianza wakati wa vita.

Vipande ndani ya macho ya rubani

Mwaka 1939 vilianza Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zikiishambulia Uingereza, na vijana wa jeshi la anga la Uingereza walipanda kupigana nazo angani.

Mmoja wao alikuwa rubani Gordon Cleaver. Mwezi Agosti mwaka 1940 alirusha ndege yake bila kuvaa miwani ya kujikinga. Risasi zikapiga kifuniko cha ndege juu ya kichwa chake. Kifuniko hicho hakikuwa cha kioo. Kilikuwa cha plastiki ngumu, safi, inayoitwa Perspex. Kilivunjika vipande vipande, na vipande hivyo vikamwingia machoni. Cleaver hakuona kitu. Hata hivyo aliigeuza ndege juu chini, akajiangusha nje, akatua kwa mwavuli. Jicho lake moja halikupona. Alipasuliwa uso na macho mara 18. Ridley alikuwa mmoja wa madaktari waliomtibu.

Hapa ndipo pa kutazama vizuri. Kila mtu anajua kwamba kitu kigeni kikiingia jichoni jicho linakuwa jekundu, linavimba, linatoa machozi. Mwiba ukiingia mguuni ni vivyo hivyo, mwili huupinga mpaka utoke. Lakini Ridley alipowachunguza Cleaver na marubani wengine, aliona jambo la ajabu. Vipande vya Perspex vilikaa ndani ya macho yao, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, na jicho lilitulia. Isipokuwa pale ncha kali ya kipande ilipokwaruza, jicho halikukipinga.

Madaktari wengine nao waliviona vipande hivyo. Ridley alikumbuka alichokiona, na kukumbuka huko ndiko kulikozaa yaliyofuata.

Ridley katika Afrika

Mwaka 1941 Ridley alioa. Mkewe aliitwa Elisabeth, na baadaye walipata watoto watatu. Lakini hakukaa nyumbani. Aliingia jeshini kama daktari, akapelekwa Afrika Magharibi, katika nchi ambayo siku hizo iliitwa Gold Coast. Leo ndiyo Ghana.

Huko, katika kijiji cha Funsi upande wa kaskazini, aliona watu wengi wasioona. Hao hawakuwa na mtoto wa jicho. Walikuwa na ugonjwa wa usubi. Ugonjwa huu huletwa na inzi mdogo mweusi anayezaliana katika mito yenye maji ya kasi. Inzi huyo akimuuma mtu humtia vijidudu kama minyoo midogo sana. Vijidudu hivyo hutembea chini ya ngozi mpaka machoni. Hapa Mafia hatuna mito ya namna hiyo, lakini Tanzania bara ugonjwa huo umekuwako, kama vile Mahenge na Tukuyu.

Ridley alikaa Funsi muda mfupi. Alikuwa na vyombo vichache. Alichungulia ndani ya macho ya wanakijiji, kisha akachora kwa mkono wake picha ya alichokiona nyuma ya jicho. Mwaka 1945 alitoa maandishi yake, na madaktari wa macho waliyatumia kwa miaka mingi. Mpaka leo alama ile ya usubi nyuma ya jicho hutajwa kwa jina la Ridley. Mimi nafikiri, hata kama asingefanya jambo lingine lolote, kwa kazi hii peke yake Afrika ingekuwa na sababu ya kulijua jina lake.

Baadaye alipelekwa Asia. Huko alitibu askari waliotoka katika kambi za wafungwa wa vita, ambao macho yao yalikuwa yamedhoofika kwa kukosa chakula bora. Vita vilipokwisha, akarudi London.

Swali la mwanafunzi

Siku moja mwaka 1948 Ridley alikuwa akimpasua mgonjwa wa mtoto wa jicho. Mwanafunzi mmoja wa udaktari alikuwa akitazama. Ridley aliitoa lenzi mbovu, akafunga jicho, kazi ikawa imekwisha. Yule mwanafunzi hakuridhika. Akauliza kwa nini kitu kibovu kimetolewa na kizima hakikuwekwa mahali pake.

Swali hilo laweza kuonekana la kitoto. Fundi wa mashua akitoa ubao uliooza, hutia ubao mwingine. Haachi tundu. Lakini madaktari wakubwa walikuwa wamezoea kuacha tundu kwa miaka 200.

Ridley mwenyewe alikuwa ameliwaza jambo hilo zamani. Swali la kijana lilimsukuma. Akavikumbuka vile vipande vya Perspex vilivyotulia katika macho ya marubani. Kama jicho linakikubali kipande kilichovunjika ovyo, je, halitakikubali kipande kilichochongwa vizuri, laini, chenye umbo la lenzi?

Akamwendea John Pike, mtaalamu wa lenzi wa kiwanda cha Rayner. Wakazungumza ndani ya gari, kwa siri. Wakatafuta Perspex iliyo safi zaidi, isiyochanganywa na dawa za kuweza kutoka na kudhuru jicho. Wakachonga lenzi yenye upana wa zaidi kidogo ya milimita 8. Kiwanda kilikubali kutotafuta faida. Ridley naye hakutaka kulipwa chochote kwa uvumbuzi wake. Kama angetaka, angeweza kuwa tajiri mkubwa.

Siku ya kwanza

Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas, Ridley alimpasua mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 45. Kazi hiyo aliifanya kwa hatua mbili. Hatua ya pili ilikuwa tarehe 8 Februari 1950, na hapo lenzi ya Perspex ikakaa jichoni moja kwa moja.

Je, yule mama aliona? Aliona, lakini si vizuri. Nataka ulijue hili, maana wengi wakisimulia habari za wavumbuzi husema kila kitu kilikwenda sawa siku ya kwanza. Sivyo.

Lenzi ile ilikuwa na nguvu mno. Ridley na Pike waliiga umbo la lenzi ya asili, lakini Perspex hukunja mwanga kuliko lenzi ya asili inavyoukunja. Kwa hiyo mama aliona vitu vya karibu sana tu, na vya mbali vilikuwa ukungu. Tena kulikuwa na kasoro ya pili. Uso wa jicho lake ulikuwa umepinda, haukuwa duara sawasawa. Kasoro hii ya pili nitairudia, kwa sababu ndiyo iliyompata mama wetu wa Kirongwe.

Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa limethibitika. Jicho halikuikataa lenzi. Lilitulia, kama yalivyotulia macho ya marubani. Kilichobaki kilikuwa hesabu, na hesabu hurekebishwa. Wagonjwa waliofuata walipata lenzi za nguvu iliyo sawa zaidi.

Kupingwa

Ridley aliifanya kazi hii kwa siri. Alitaka kwanza kuwaona wagonjwa wake kwa miaka kadhaa, ndipo awaeleze wenzake. Lakini siri haikukaa. Mgonjwa wake mmoja alitaka kumwona tena, akaenda kwa daktari mwingine wa macho mjini London aliyeitwa pia Ridley. Daktari huyo alipochungulia jichoni akakuta lenzi ya plastiki. Nadhani alishtuka sana!

Basi mwezi Julai mwaka 1951 Ridley aliwaeleza madaktari wenzake katika mkutano wa Oxford. Aliwaleta na wagonjwa ili watazamwe. Sir Stewart Duke-Elder, aliyekuwa daktari wa macho mwenye jina kubwa kuliko wote Uingereza, alikataa kuwatazama. Mwaka uliofuata Ridley alikwenda Chicago, Marekani. Huko nako wengi walimpinga. Kazi ya daktari wa macho, walisema, ni kutoa vitu vigeni jichoni, si kuvitia.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba wapinzani wake wote walikuwa watu wa wivu tu. Walikuwa na sababu. Lenzi zile za kwanza zilikuwa nzito. Nyingine ziliteleza zikaanguka nyuma ya jicho. Macho mengine yalivimba, mengine yakapata shinikizo la maji ndani. Baadhi ya lenzi ilibidi zitolewe. Mgonjwa aliyepatwa na hayo alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini wapinzani walikosea kwa kukataa hata kuwatazama wale waliopona.

Ridley aliumia moyoni. Miaka mingi alitembea katika hospitali yake akijua kwamba wengine wanamwona mtu wa hatari. Wachache walimfuata. Mwanafunzi wake Peter Choyce alikuwa mmoja wao. Mwaka 1966 wao wawili na wenzao waliunda chama cha madaktari wanaoweka lenzi ndani ya jicho, ili wajifunze kila mmoja kwa makosa ya mwenzake. Lenzi zikafanywa nyepesi na ndogo. Zikapata vishikizo vyembamba vya kuzizuia zisiteleze. Ridley alistaafu mwaka 1971, mabishano yakiwa bado hayajaisha. Serikali ya Marekani ilizikubali lenzi hizo rasmi mwaka 1981, miaka zaidi ya 30 tangu siku ile ya St Thomas.

Lakini katika nchi maskini bei ilikuwa kikwazo. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianza kutengeneza lenzi huko Madurai, India, kwa bei ndogo sana kuliko ya Ulaya na Marekani. Kutoka hapo lenzi zilianza kuwafikia watu wengi wa Asia na Afrika. Hospitali zetu, kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam, huwawekea wagonjwa wa mtoto wa jicho lenzi.

Jicho lililopinda

Sasa nirudi kwa mama wa Kirongwe. Alivuka bahari mpaka Nyamisati, akafika Dar es Salaam kwa mwanawe, akapasuliwa jicho la kulia. Hakulazwa usingizi. Jicho lilitiwa ganzi, na kazi ilikwisha kabla ya nusu saa. Siku ya pili kitambaa kilipotolewa, aliona rangi ya kanga ya mkwewe.

Aliporudi darasani tulifurahi sote. Mimi nililifuta lile neno mtoro katika daftari. Lakini bado kulikuwa na jambo. Katika herufi E, aliuona vizuri mti uliosimama, bali vile vijiti vitatu vinavyolala aliviona kama vina ukungu. Herufi L ilimpa taabu. Herufi I aliisoma mara moja. Wenzake wakaanza kusema kwamba upasuaji haukufaa.

Upasuaji ulikuwa umefaa. Kasoro ilikuwa katika lile tabaka la mbele la jicho. Jicho zuri limeviringana mbele kama mpira. Lakini macho mengi yamepinda, yana umbo kama la mgongo wa kijiko, upande mmoja umejikunja zaidi kuliko mwingine. Kwa hiyo mwanga wa mistari iliyosimama na mwanga wa mistari inayolala havikutani mahali pamoja. Wengine huzaliwa na jicho la namna hiyo. Tena upasuaji wenyewe waweza kuongeza kasoro. Wewe unayeshona tanga unajua: ukivuta uzi mno, kitambaa kinajikunja. Zamani jicho lilikatwa sehemu kubwa na kushonwa kwa nyuzi, na nyuzi zilizokazwa ziliuvuta uso wa jicho ukapinda. Siku hizi hukatwa sehemu ndogo, na mara nyingi hapashonwi kabisa.

Kasoro hii imejulikana kwa muda mrefu. Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1801, baada ya kuigundua katika jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 mwingine, George Airy, mtaalamu wa nyota, alijitengenezea miwani yenye nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ikalisahihisha jicho lake. Ndipo wafuasi wa Ridley wakajiuliza: kama miwani yaweza kufanywa hivyo, kwa nini ile lenzi inayotiwa jichoni isifanywe hivyo pia? Mwaka 1992 daktari wa Japani, Kimiya Shimizu, alianza kutumia lenzi ya namna hiyo. Mgonjwa anaondolewa mtoto wa jicho na kunyoshewa mpindo kwa upasuaji mmoja.

Lakini kazi yake ni ya uangalifu mkubwa. Lenzi ya kawaida ni kama sahani, ukiizungusha ni ileile. Lenzi ya mpindo ni kama mshale wa saa, lazima ielekee mahali pake. Ikizunguka kidogo tu, kadiri mshale wa dakika unavyokwenda kwa dakika 5, haisaidii tena. Ndiyo maana daktari hulitia jicho alama ya wino mgonjwa akiwa amekaa wima, kwa sababu jicho huzunguka kidogo mtu anapolala chali. Kabla ya hapo jicho hupimwa kwa mashine, urefu wake na mpindo wake. Ridley hakuwa na mashine hizo. Kama angekuwa nazo, yule mgonjwa wake wa kwanza angeona vizuri zaidi.

Lenzi za namna hiyo ni ghali kuliko za kawaida. Mama wetu alielezwa habari zake, akachagua ya kawaida na miwani juu yake. Miwani yake si minene kama kitako cha chupa. Ni myepesi. Akiivaa, E ina vijiti vitatu. Akiivua, bado anaona njia, anaona kuku wake, anaona nani amesimama mlangoni.

Ridley mzee

Ridley alikwenda kuishi kijijini, karibu na mto, akawa anavua samaki kwa mshipi. Labda angependa kuona dema zetu. Umri ulipokwenda, macho yake nayo yakaanza kuona ukungu. Mtoto wa jicho haumchagui mtu. Basi mzee alikwenda St Thomas, hospitali ile ile, akapasuliwa, akawekewa lenzi katika macho yote mawili. Kazi aliyodharauliwa kwayo ndiyo iliyompa yeye mwenyewe kuona tena. Na yule rubani, Cleaver, katika uzee wake naye aliwekewa lenzi katika jicho lililobaki.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1986 alifanywa mwanachama wa chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 2000, akiwa na miaka 93, Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 25 Mei 2001, akiwa na miaka 94. Mwaka 2010 Posta ya Uingereza ilitoa stempu ya kukumbuka lenzi yake.

Mzee wa Jibondo

Kabla ya kuyapeleka maandishi haya kupigwa chapa, nilivuka kwenda Jibondo kumsomea mzee mmoja, fundi wa mashua. Macho yake yote mawili yana weupe. Kwa mwaka mzima hajashika tezo. Binti yake ameshamwomba mara nyingi aende hospitali, naye hukataa. Hakuogopa kisu. Aliogopa kitu cha kubaki jichoni maisha yote.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja la kifundi. Alitaka kujua kama plastiki hiyo huoza, kwa kuwa machozi yana chumvi, na yeye ameona jinsi chumvi inavyokula misumari ya mashua. Nikamjibu kwamba haiozi wala haishiki kutu, na kwamba wako watu waliokaa nayo jichoni miaka mingi mpaka wakafa kwa uzee.

Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alinyamaza, akawa anapapasa ubavu wa mashua kuukuu iliyoegeshwa pale, ubao kwa ubao. Nilipokuwa nashuka pwani kurudi, binti yake alinifuata nyuma. Akaniuliza nauli ya boti ya Nyamisati ni kiasi gani kwa watu wawili.